Barua ya wazi kwa Baba Askofu na Mkurugenzi wa Redio: Mtukosoe kwa tunayoyasema wenyewe

Kwa Baba Askofu,
na kwa Ndugu Mkurugenzi wa redio inayorusha mahubiri ya Jumamosi usiku,
Dar es Salaam.

YAH: KASHFA DHIDI YA WABUDDHA KATIKA MKUTANO WA INJILI, REDIONI NA KATIKA MASOMO YA WATOTO

Shalom, Baba Askofu. Ndugu Mkurugenzi, habari za kazi.

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Kwa miaka 31 nimewafundisha watoto wa darasa la sita kuandika barua rasmi, na kila mwaka niliwaambia kwamba lalamiko lipelekwe kwanza kwa mhusika, lisianzie sokoni. Nimefuata nilichofundisha. Barua ya kwanza niliileta ofisini kwenu kwa mkono wangu mwezi wa pili, ikapigwa muhuri wa kupokelewa. Ya pili niliipeleka redioni mwezi wa nne. Mwezi wa sita nilikuja tena, nikakaa kwenye benchi la mapokezi tangu saa tatu asubuhi mpaka saa sita na nusu, na nilipoondoka nilikuwa na jibu moja tu mkononi: kipeperushi kinachoniuliza nikifa leo nitakwenda wapi. Binti aliyenipa alikuwa mpole, hata maji ya kunywa aliniletea. Simlaumu. Ila baada ya siku ile niliona niandike hadharani. Majina ya kanisa, redio na mhubiri nimeyaacha makusudi. Mnajijua, na sina nia ya kumwanika mtu.

Nilizaliwa katika nyumba ya Kilutheri, nikabatizwa, nikapata kipaimara, nikaimba kwaya mpaka nilipozaa mtoto wa tatu. Mume wangu alipofariki nilikosa usingizi karibu mwaka mzima. Jirani yangu, mama wa Kisinhala, yaani mwenye asili ya Sri Lanka, akanichukua hekaluni kwa Wabuddha, nikafundishwa kukaa kimya na kufuata pumzi yangu ikiingia na kutoka. Nikalala. Mengine yalikuja polepole. Hekalu lenyewe Wasinhala walilianza hapa Dar es Salaam tangu enzi za Waingereza, karibu miaka 100 sasa, kwa hiyo si kitu kilichoshushwa jana bandarini. Wanangu wote ni Wakristo, na Krismasi tunakula pilau sufuria moja.

Kabla ya hoja zangu, niseme kwa nini siandiki kwa hasira. Katika mafundisho yetu kuna hotuba iitwayo Brahmajala. Buddha alikuwa safarini na watawa wake kati ya Rajagaha na Nalanda, na nyuma yao alifuata mwalimu mmoja, Suppiya, akimkashifu njia nzima, huku mwanafunzi wa huyohuyo Suppiya akimsifu. Asubuhi watawa wakawa wanalizungumza. Buddha akawaambia: watu wakinikashifu mimi, au mafundisho, au jumuiya yetu, msikasirike. Mkikasirika, mtaweza kutambua kama wanayosema ni kweli au si kweli? Wakajibu hapana. Basi, akasema, lisilo kweli lielezeni kwamba si kweli, na kwa sababu gani. Ndivyo nitakavyofanya. Na penye kweli nitakiri.

1. Sanamu. Usiku wa tatu wa mkutano nilikuwepo uwanjani, kiti cha plastiki karibu na spika. Mhubiri alitoa kwenye mfuko sanamu ya mzee mnene anayecheka, tumbo wazi, akasema, "Huyu ndiye Buda wao," akaipiga nyundo. Mara mbili, maana ya kwanza ilipata sikio tu. Watu wakashangilia, vipande vikakanyagwa.

Baba Askofu, yule mnene ni Budai, mtawa wa China anayekumbukwa kutoka karne ya 10, aliyetembea na mfuko wa nguo begani. Wachina humhusisha na Buddha atakayekuja. Siddhattha Gotama, ambaye sisi tunamwita Buddha, alifundisha kaskazini mwa India yapata karne ya 5 kabla ya Kristo, na hadithi yake inasema alijinyima chakula mpaka mbavu zake zikahesabika, ndipo akaona kwamba kujitesa nako hakufikishi mtu popote. Mzee wa tumbo anauzwa kwenye maduka ya mapambo Kariakoo, rafu moja na paka wa dhahabu anayepunga mkono. Mhubiri alinunua pambo, akavunja pambo.

Sasa kukiri. Ni kweli tunainama mbele ya sanamu. Tunaweka maua, na tunapoyaweka tunasema kwamba kama maua haya yatakavyonyauka, ndivyo na mwili wangu. Mkiona kuinama huko ni kosa mbele za Mungu wenu, semeni, ni haki yenu. Ni kweli pia kwamba hatumfundishi Mungu muumbaji. Hapo tunatofautiana kabisa, na mhubiri angeweza kuhubiri saa nzima juu ya tofauti hiyo bila kusema neno moja la uongo. Hakuigusa.

2. Mti. Redioni ilisemwa kwamba mti ulio hekaluni ni "madhabahu ya mizimu" na kwamba kuna vitu vimefukiwa chini yake. Mti ule ni mbodhi, jamii moja na mkuyu wetu, na tunauheshimu kwa sababu Buddha aliketi chini ya mti wa aina hiyo alipoamka, yaani alipoitambua kweli. Vilivyo chini yake ni majani makavu, nami nimeyafagia. Zakayo naye alipanda mkuyu, wala sijasikia mtu akiukemea.

3. Tafakuri. Kwamba anayekaa kimya na kuacha akili wazi anafungulia mapepo mlango. Lakini hatuachi akili wazi. Tunaipa kazi, tena kazi ngumu: kuijua pumzi, na ikitoroka kwenda kwenye bei ya mkaa au kwenye ugomvi wa jana, kuirudisha. Nendeni mkajaribu dakika tano muone kama kuna nafasi ya pepo kuingia.

4. Unabii. Mhubiri alisoma karatasi inayodai kwamba kabla ya kufa Buddha alitabiri atakuja mtakatifu mwenye makovu mikononi na miguuni, na kwamba watawa wanalificha andiko hilo. Hili ndilo lililoniudhi kuliko nyundo, maana nyundo kila mtu anaiona, ila karatasi ya uongo huvaa sura ya elimu. Maneno hayo hayamo katika Tipitaka, mkusanyo wa maandiko yetu ya Kipali, lugha ya kale ya India. Anayetajwa humo ni Metteyya, Buddha wa wakati ujao, katika hotuba ya 26 ya Digha Nikaya, fungu la hotuba ndefu, na habari ya makovu haipo. Maandiko yenyewe yamechapwa na kutafsiriwa, hakuna mtawa anayeyafungia kabatini. Baba Askofu, iko amri isemayo usimshuhudie jirani yako uongo. Kwa hesabu tuliyofundishwa sisi Walutheri ni ya nane, kwa hesabu yenu ni ya tisa. Sidhani kama namba inabadilisha kitu.

5. Mjukuu wangu. Yaliyotangulia ningeweza kuyameza. Hili hapana.

Mjukuu wangu yuko darasa la pili. Jumapili mama yake humpeleka kwenye masomo ya watoto katika tawi lenu, na mchana huja kwangu. Amezoea chapati na chai ya tangawizi, na kikombe chake ni kile cha bati chenye maua mekundu, hataki kingine. Jumapili moja, baada ya mkutano ule, aliketi kwenye kigoda chake na asiguse kitu. Nikamuuliza, unaumwa? Akatikisa kichwa. Akaitazama chapati, akanitazama mimi, akauliza kwa sauti ndogo sana:

"Bibi, hii ulimpa nani kwanza?"

Sikuelewa. Akanieleza kwamba mwalimu amewaambia watu wa Buda humpa sanamu chakula kwanza, na mtoto akila anaingiwa. Kwenye daftari lake kuna picha amechora: nyumba, na ndani yake kitu chenye pembe. Nyumba ina mlango wa bluu. Mlango wangu ni wa bluu.

Ni kweli kwamba hekaluni, kabla ya saa sita mchana, Wasinhala huweka wali kidogo mbele ya sanamu kwa heshima. Jikoni kwangu sifanyi hivyo. Na hata ningefanya, Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba sanamu si kitu. Mwalimu wa watoto angeweza kusoma mstari huo badala ya kuchora pembe. Chai ilipoa, nikaimwaga.

Tunayo hadithi inayohusu chakula kilichokataliwa. Mtu mmoja wa ukoo wa Bharadvaja alimwendea Buddha akamtukana vikali. Buddha akamuuliza: je, huwa unapata wageni? Huwapata. Huwaandalia chakula? Huwaandalia. Na wageni wasipokila, chakula kinakuwa cha nani? Akajibu, kinabaki changu. Buddha akamwambia, basi matusi uliyoniandalia mimi sikuyala, yamebaki yako. Nilizoea kuisimulia hadithi hiyo nikicheka. Tangu Jumapili ile sicheki tena, maana wakati huu chakula kilichokataliwa ni changu, na aliyekikataa ni mtoto wa miaka minane anayeniogopa.

Sasa majibu ambayo nimeshayasikia, au nitayasikia.

Mtasema ni uhuru wa kuhubiri. Nakubali, na siombi mtu yeyote anyamazishwe. Ibara ya 19 ya Katiba inanilinda mimi kama inavyomlinda mhubiri. Lakini mtume wenu alipofika Athene alizunguka kwanza, akayaangalia mambo yao ya ibada, ndipo akasimama kusema, tena akanukuu washairi wao. Na Efeso, fujo ilipozuka, karani wa mji alisimama mbele ya umati akashuhudia kwamba watu hawa si wezi wa hekalu wala hawakumtukana mungu wetu mke. Somo liko Matendo 19. Mpagani ndiye aliyetoa ushahidi huo. Ningependa na mimi niweze kuutoa kwa ajili yenu.

Mtasema Wabuddha wenyewe si watakatifu. Kweli tupu. Sri Lanka, ambako Wabuddha ni kama asilimia 70 ya watu, makanisa yamevamiwa na makundi ya watu waliojiita watetezi wa Buddha, watawa wakiwemo, na Waislamu nao wamechomewa maduka. Hao ndio waliosahau hotuba ya Brahmajala. Siwatetei hata kwa nusu sentensi. Ila mama yangu mkwe wa Moshi hawajibiki kwa vita vya msalaba, na mimi siwajibiki kwao.

Mtasema, kama mmeudhika nendeni polisi. Kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu nakijua, kinahusu maneno yanayosemwa kwa makusudi ya kuumiza hisia za dini za mtu. Sitaki. Nilikuwa Dar es Salaam mwaka 1998 polisi walipopambana na waumini msikitini Mwembechai, najua kashfa za dini zikikabidhiwa askari zinaishia wapi. Huko Sri Lanka nako, mwaka 2023, mchungaji mmoja alisema maneno juu ya Buddha, akaishia kukamatwa. Na mwezi Mei mwaka huohuo mchekeshaji wa kike alikamatiwa uwanja wa ndege kwa utani uliomgusa Buddha. Mimi ni Mbuddha, na jambo hilo linanitia aibu. Buddha anayehitaji pingu za kumlindia heshima simfahamu.

La mwisho, mhubiri mwenyewe alilisema jukwaani: "Kama wana hoja, waje tufanye mdahalo!" Uwanja ukaitikia. Hapa niwape historia kidogo, kwa sababu mdahalo huo ulishafanyika.

Wamisionari wa Kimethodisti walipofika Ceylon, ndiyo Sri Lanka ya leo, mwaka 1814, watawa wa Kibuddha waliwapokea vizuri, na wapo waliowaachia hata kumbi za hekalu wahubirie humo. Wageni wakauona ukarimu ule ni ulegevu wa imani. Vikaanza kuchapwa vijitabu vya kuikashifu dini ya wenyeji. Wabuddha walianza kama nilivyoanza mimi, kwa maombi ya maandishi yaliyopelekwa kwa serikali ya kikoloni. Hayakufika mbali. Mwaka 1862 wakawa na mitambo yao ya kuchapa, mmoja Kotahena, Colombo, na mwingine Galle, wakaanza kujibu kijitabu kwa kijitabu. Kisha ikaja midahalo: Baddegama 1865, Udanwita 1866, Gampola 1871, na ule mkubwa wa Panadura, tarehe 26 na 28 Agosti 1873, mbele ya maelfu ya watu.

Upande wa Wakristo alisimama mchungaji David de Silva, msomi wa Kipali, akanukuu na kunukuu mpaka wasikilizaji wakapotea. Upande wa pili alisimama mtawa Migettuwatte Gunananda, akasema Kisinhala cha watu. Aliwaonyesha kwamba katika tafsiri ya Biblia neno la Kutoka 20, "Mungu mwenye wivu," lilikuwa limebadilishwa likawa neno lenye maana ya kung'aa. Hoja kali, na alikuwa sahihi. Lakini hakuishia hapo. Aliichukua damu iliyopakwa kwenye miimo ya milango kule Misri akaifananisha na mambo ya mashetani. Yaani alifanya kilekile alichokuja kukilalamikia. Wabuddha wengi humtaja kama shujaa. Nami namheshimu, ila nikifika kwenye ukurasa ule huufunga.

Na matokeo yake? Mdahalo ulitafsiriwa kwa Kiingereza, ukamfikia Mmarekani aitwaye Henry Steel Olcott, akafunga safari, akatua Galle mwezi Mei 1880, akawa Mbuddha, akawasaidia wenyeji kuanzisha shule zao. Moja ya shule hizo, Ananda College ya Colombo, ilianza 1886 na ipo mpaka leo. Kwa hesabu yenu ya mavuno, Baba Askofu, kashfa zile zilikuwa mbegu iliyooteshwa shambani kwa jirani. Lakini msidhani nasi tulitoka na faida tupu: Jumapili ya Pasaka ya mwaka 1883, maandamano ya Wabuddha yaliyokuwa yakielekea hekalu la Gunananda yalishambuliwa karibu na kanisa kuu la Kikatoliki pale Kotahena, na damu ikamwagika. Ulikuwa mtaa mmoja, watu waliokuwa wakinunua samaki pamoja.

Kwa hiyo mdahalo wa uwanjani siuombi, na nikialikwa siji. Ninayoomba ni haya.

(a) Redio irushe marekebisho ya mambo manne: sanamu, mti, tafakuri na ile karatasi ya unabii. Yarushwe Jumamosi saa tatu usiku, saa ileile yaliposemwa, wala si saa kumi alfajiri.

(b) Somo lile la watoto liondolewe, na walimu wa watoto waelekezwe wasiwafundishe kuogopa chakula cha ndugu zao. Hili ni la Baba Askofu mwenyewe, na ndilo ninaloliomba kuliko mengine.

(c) Kabla mhubiri hajasema tena juu ya Wabuddha, aje hekaluni mara moja. Nitampokea mimi. Viatu huachwa mlangoni, kuinama si lazima, na maswali yote yanaruhusiwa, hata yale makali. Akitoka hapo akaenda kuhubiri kwamba tumepotea, nitakuwa wa kwanza kusema ametukosoa kwa haki.

Siombi mtu afukuzwe kazi. Siombi fidia. Mfalme Ashoka wa India ya kale, aliyekuwa Mbuddha na aliyekuwa na majeshi ya kumlazimisha amtakaye, aliagiza ichongwe kwenye miamba kwamba anayeitukuza dini yake kwa kuzikashifu za wengine anaiumiza dini yake mwenyewe. Sina miamba, nina karatasi. Nangoja jibu kwa siku 30. Lisipokuja nitaandika tena, maana kalamu za shule zilinibakia boksi zima.

Ndugu Mkurugenzi, mkipenda kuisoma barua hii hewani, isomeni yote, pamoja na pale nilipokiri.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu,
Dar es Salaam.

Nakala: Mama wa mjukuu wangu. Jumapili mlete kama kawaida. Unga upo, na kile kikombe nimekiweka palepale.